Zege juu ya bomba la choo

SWALI: Ndugu Mhariri, nataka kumwaga zege uani ili nipate mahali pa kuegesha gari. Chini ya eneo hilo linapita bomba la choo la inchi 4 liendalo kwenye shimo la maji taka, nalo limefukiwa futi moja hivi. Fundi anasema zege la inchi 4 linatosha, na kwamba chemba iliyopo katikati tuifunike kabisa ili uwanja uwe sawa. Nimsikilize? – Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu chemba usimsikilize hata kidogo, fundi anayetaka uwanja uwe sawa anafikiria siku ya kukabidhi kazi tu. Chemba ndipo fito za kuzibulia zinapopitia, na ukiizika, siku choo kitakaporudisha maji mtavunja zege kwa kubahatisha. Kuta zake zinyanyuliwe mpaka mfuniko ulingane na uso wa zege, na mfuniko huo uwe na nguvu za kubeba tairi.

Kwa bomba lenyewe, futi moja ni kina kidogo kwa njia ya gari. Lifukueni lote, mhakikishe kwamba mteremko ni sentimita 2 hivi kwa kila mita, kisha mzibe upande wa chini, mjaze maji na kuchungulia kila kiungio. Kinachovuja leo hakitaacha kuvuja kikiwa chini ya zege. Likishapona, lilazwe juu ya mchanga na kufunikwa kwa mchanga usio na kokoto, kwa sababu jiwe moja linalogusa bomba la plastiki (PVC) hulipasua polepole kila gari linapopita. Pande zake zishindiliwe kwa mkono, wala mashine isipite juu yake.

Inchi 4 zinawafaa watembea kwa miguu. Kwa gari weka inchi 6 zenye nondo au wavu wa chuma wa BRC, na zege livuke mfereji wa bomba na kukalia ardhi ngumu pande zote mbili, ili uzito usilielemee bomba lililo chini. Usilifikishe juu ya shimo la maji taka wala la kufyonzea maji, ambayo mifuniko yake kwa kawaida haikujengwa kubeba gari.

Kazi hii ifanyike kabla ya masika ya Machi, kwani mfereji ulio wazi katika mchanga wetu huporomoka kwa mvua moja. Kabla ya kufukia, pima umbali wa bomba kutoka ukuta wa nyumba, na upige picha.