Barua kwa mwanangu kuhusu fungu la kumi na hati ya mshahara

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua miwani na kalamu, kwa sababu uliniletea hesabu, nawe unajua kwamba mwalimu wa hesabu hastaafu. Umesema mshahara wako ghafi ni shilingi 1,200,000. NSSF, wale wa mfuko wa hifadhi ya jamii, wanakata asilimia 10, yaani 120,000. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu asilimia 15, yaani 180,000. Kodi ni 152,000. Na zinazokufikia benki ni 748,000. Kisha ukaniuliza mambo mawili: fungu la kumi litolewe katika ile milioni na laki mbili au katika hiyo inayokufikia, na je, zile 100,000 unazotutumia baba yako na mimi kila mwezi zaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya fungu hilo, maana huko Dar es Salaam kuna pango, nauli, na kadi za michango ya harusi ambazo hazina msimu.

La kwanza naomba babu yako anisaidie kulijibu. Kahawa yake aliipeleka chama cha msingi, nacho kikaipeleka KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, na fedha hazikuja kwa mkupuo. Palikuwa na malipo ya awali, kisha malipo ya pili, na mwaka ukiwa mzuri bonasi. Na gharama za dawa ya kahawa aliyokopeshwa zilikuwa zimekwisha kukatwa kabla hajaona hata senti. Yeye alitoa fungu la kumi katika kile kilichomfika mkononi, na malipo ya pili yalipokuja alitoa tena. Bei ilipoporomoka, baada ya mapatano ya kimataifa ya mgao wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, bahasha yake ya sadaka ilisinyaa pamoja na mavuno, wala sikumwona akiona haya kuipeleka mbele. Kwa hiyo nakushauri utoe katika 748,000, na siku NSSF watakapokulipa mafao yako, ukumbuke kwamba hizo nazo zilikuwa bado hazijatolewa fungu la kumi. Kuhusu kuyaacha nje makato ya mkopo, sina hakika kama hoja hiyo ina nguvu sana, kwa kuwa fedha zile ulikwisha kuzila ukiwa chuoni na sidhani kama ulizitolea chochote. Lakini hilo nakuachia wewe.

Wapo watakaokuambia kwamba kutoa katika kilichobaki ni kumwibia Mungu, na watakufungulia Malaki sura ya 3. Siwabezi, maana maneno hayo yameandikwa. Ila ukisoma mstari wa 10 hadi mwisho utaona kwamba zaka ziliagizwa ziletwe ghalani ili kiwemo chakula katika nyumba ya Bwana, na Kumbukumbu la Torati sura ya 14 inaeleza ni nani waliokula chakula hicho: kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa ndani ya malango ya mji, ili Mlawi, yule mhudumu wa ibada asiye na urithi, na mgeni, na yatima, na mjane waje wale washibe. Naye mtume Paulo, alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuwatajia Wakorintho asilimia yoyote. Aliwaambia kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima", na kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo. Mimi naiona ile sehemu ya kumi kama kizingiti cha mlango, si kama dari. Anza na 74,800 zako, na mwaka utakapoona kwamba unazitoa bila moyo kukaza, ongeza.

Unaukumbuka mnada wa sadaka wa hapa usharikani baada ya ibada? Jumapili iliyopita mtu alileta mayai matatu katika kikapu, kwa kuwa hakuwa na fedha. Mzee mmoja akayanunua kwa bei ya trei nzima, akayarudisha yanadiwe tena, kijana akayanunua, naye akamkabidhi bibi mgonjwa aliyekuwa ameketi kwenye benchi la nje. Watu walicheka mpaka mnadishaji akasahau bei. Paulo aliposema Mungu humpenda atoaye kwa moyo wa ukunjufu, nafikiri alikuwa ameona kitu cha namna hiyo, na ndiyo sababu sipendi kukuona ukitoa huku umekunja uso juu ya kikokotoo.

Sasa la pili, na hapa ni lazima nikiri kwamba mimi ni mnufaika, kwa hiyo upime maneno yangu. Katika Injili ya Marko sura ya 7, Bwana Yesu aliwakemea watu waliomwambia baba au mama kwamba kile ambacho kingemsaidia kimekuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wakaona wamemaliza. Walimtumia Mungu ili kukwepa wazazi. Wewe unataka kwenda kinyume chake, ututumie wazazi ili kupunguza sehemu ya Mungu, na nadhani njia zote mbili zinatokea shimo moja: la kutaka fedha moja ilipe madeni mawili. Unachotutumia ni heshima ya mtoto kwa wazazi wake, na amri yake ni ya tano kwa jinsi tulivyofundishwa, au ya nne ukihesabu kama Katekisimu Ndogo ya Luther, lakini ni amri yake yenyewe. Usiichanganye na bahasha.

Lakini tusiishie hapo, kwa sababu nina jambo ambalo nimelificha miaka mingi. Utakumbuka ulipokuwa kidato cha pili, mwaka 2011, uliporudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, ukakaa wiki tatu ukinisaidia kukata majani ya ng'ombe. Nilikuambia fedha za kahawa zimechelewa. Hazikuwa zimechelewa, mwanangu. Alikuwa amepita mhubiri mgeni, akahubiri uwanjani kwa siku nne kwamba atakayepanda mbegu atavuna mara mia kabla mwezi haujaisha, nami nikampa 150,000, huku ada yako ya bweni ikiwa 70,000 kwa mwaka mzima. Sikutoa kwa sababu nilimpenda Mungu. Nilitoa kama mtu anunuaye tiketi ya bahati nasibu, na kila asubuhi niliamka nikisubiri mara mia yangu. Baba yako hakunigombeza, na ukimya wake ulinichoma kuliko ugomvi.

Aliyelipa ada yako ni bibi yule mjane wa ng'ambo ya mfereji, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni. Alikuja jioni, akaziweka noti juu ya meza zikiwa zimefungwa katika kipande cha kanga, akasema mtoto aende shule kesho. Nilipotaka kumrudishia baada ya msimu uliofuata alipokea nusu tu, akasema nusu nyingine si yangu kuirudisha. Yeye bahasha yake ya kanisani ina elfu mbili, mara nyingine elfu moja, na sijawahi kumsikia akitaja mbegu wala mavuno.

Tumezungumza pia na baba yako kuhusu zile 100,000. Pensheni yangu inaingia, kahawa ya mwaka huu si mbaya, na ndizi tunazo za kutosha. Kuanzia mwezi ujao tutumie 60,000. Nyingine usizipeleke kwenye kadi za harusi, maana watu wanaoandaa sherehe ya mamilioni hawatakosa sahani ya pilau kwa sababu yako. Kaa nazo mwezi mmoja mfukoni, uone Mungu anakukutanisha na nani.

Tena yule bibi wa ng'ambo ya mfereji magoti yamemzidi na sokoni haendi tena. Mjukuu wake ana simu yenye M-Pesa, namba nitakutumia. Akikuuliza fedha ni za nini, mwambie ni ile nusu ya mwaka 2011. Atacheka na kudai hakumbuki. Na tafadhali, usiniandikie kuniuliza kama hizo nazo zinaingia katika fungu la kumi.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako