Maswali na Majibu: Kupakua, Kusambaza na Hakimiliki

Je, kutumia BitTorrent ni kosa?

Si kosa. Ni teknolojia ya kugawana mafaili moja kwa moja kati ya kompyuta za watumiaji. Mtayarishaji programu Bram Cohen aliitoa mwaka 2001 ili mafaili makubwa yasambae bila kuielemea seva moja, na hadi leo mifumo ya kuendeshea kompyuta ya Debian na Ubuntu hupatikana kihalali kwa njia hiyo. Kinachoangaliwa ni kazi unayoipakua: je, mwenyewe ametoa ruhusa?

Napakua filamu tu, sisambazi. Mbona nimeletewa barua ya onyo?

Hapa ndipo wengi hunaswa. BitTorrent hugawa faili vipande vipande, na kila kipande ukishakipata, kompyuta yako huanza kuwagawia wengine. Filamu haijafika hata nusu, wewe tayari ni msambazaji, na sheria za nchi nyingi humbana msambazaji zaidi. Wala hujajificha. Anwani yako ya IP, yaani namba inayoutambulisha muunganisho wako wa intaneti, huonekana na wote wanaogawana faili hilo, wakiwemo mawakala wa wenye haki, ambao huingia humo kama watumiaji wengine, wakaziandika anwani na kumpelekea notisi mtoa huduma wako wa intaneti. Kufunga programu baadaye hakufuti ulichokwisha kugawa. Barua hiyo usiitupe. Ikitaja fidia au mahakama, mwone mwanasheria kabla hujajibu neno.

Kwa nini Napster, huduma ya kugawana nyimbo mtandaoni, ilizimwa, ilhali nyimbo zilikuwa kwenye kompyuta za watu?

Kwa sababu orodha ya nyimbo ilikaa kwenye seva zake. Mahakama za Marekani ziliona kampuni ilijua kinachoendelea na ilikuwa na uwezo wa kuzuia. Huduma ikazimwa Julai 2001. Waliofuata waliiondoa orodha hiyo wakidhani wamesalimika. Mwaka 2005, katika kesi ya Grokster, mmoja wa hao waliofuata, Mahakama ya Juu ikasema anayetoa programu huku akiwahimiza watu wavunje nayo hakimiliki atawajibika. Naukubali uamuzi huo: ulipima nia ya mfanyabiashara, teknolojia yenyewe haukuipiga marufuku.

Naweza kukatiwa intaneti?

Inategemea nchi. Sheria ya HADOPI ya Ufaransa, ya mwaka 2009, iliruhusu hivyo kwa aliyekaidi maonyo. Adhabu hiyo ilifutwa 2013, na ilistahili kufutwa, maana iliwaumiza wote wa nyumba moja kwa kosa la mmoja.

Sina uwezo wa kulipia. Nifanyeje?

Tafuta kazi zilizotolewa kwa leseni za Creative Commons, ambazo kwazo mwenye kazi huruhusu mapema watu waigawane, au zile ambazo muda wa hakimiliki umekwisha. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, inazo nyingi, na nyingine utazipakua kwa torenti hiyohiyo.