Mnunuzi karudisha simu, lakini siyo niliyomuuzia

SWALI: Nauza simu kwenye soko la mtandaoni. Mnunuzi alidai kioo kimepasuka, nikakubali airudishe. Iliyofika ni ya aina ileile, ila kuukuu. Sasa anadai nimrudishie pesa kwa namba nyingine, nje ya soko. Nifanyeje?

JIBU: Usitume hata senti kwa namba hiyo. Ukilipa pembeni, soko halitaona malipo hayo. Akidai tena kupitia mfumo wao, utalipa mara mbili. Pesa irudi kwa njia ileile iliyolipiwa, na kwa kitufe cha soko lenyewe.

Kisha washa simu iliyorudi, bonyeza *#06#. Itatokea IMEI, namba ya tarakimu 15 inayotambulisha simu hiyo pekee. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi au risiti yako. Zikitofautiana, piga picha zote mbili, pamoja na lebo ya kifurushi na uzito ulioandikwa, ufungue mgogoro, yaani malalamiko rasmi kwenye soko hilo, kabla muda wa kujibu haujaisha. Wauzaji wengi hushindwa hapa: wana haki, lakini wamejibu wamechelewa.

Kama hukuandika IMEI kabla ya kutuma, kesi yako ni dhaifu, tuseme ukweli. Safari ijayo rekodi video moja isiyokatwa: namba, kioo kikiwaka, simu ikiingia boksini, utepe ukifungwa, lebo ikibandikwa. Mzigo uliorudi nao ufungue mbele ya kamera, ukianzia na utepe ukiwa bado mzima.

Na malalamiko ya kioo? Omba picha kabla ya kukubali kurudishiwa, siyo baada.