Mwaga hiyo asali kwanza

Mkuu, mwaga hiyo asali. Sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma.

Umeuliza vijiko vingapi vya asali uwatilie ndege wavumaji, wale wadogo wa huku Marekani wanaonyonya maji matamu ya maua, rangi gani uongeze, chombo cha kuwanyweshea ukitundike wapi, na majira ya baridi ukitoe au ukiache. Mimi nimeishia kwenye asali damu ikanichemka, maana ndivyo nilivyoanza hapa Texas.

Kulikuwa na bwana mmoja kwenye video, sauti laini kama mshenga, anasema sukari ni sumu, wapeni kitu cha asili. Nami mjukuu wa mrina asali wa Tabora, nani angeniambia nini? Nikanunua chupa ya bei mbaya, nikachanganya na maji, nikatundika barazani. Mwezi wa Agosti, jua la kukausha nguo hujamaliza kuanika. Siku ya pili povu, na harufu ya wanzuki mtupu, ile pombe ya asali. Mke wangu akauliza kama nimefungua kilabu. Tukacheka, nikakiacha. Siku ya nne madoa meusi yamezunguka matundu ya kunywea, na ndege mmoja yuko sakafuni chini ya chombo, mabawa wazi.

Siwezi kuapa kuwa asali ndiyo iliyomuua. Lakini kiumbe wa gramu 3 hivi, anayejinenepesha ili avuke Ghuba ya Meksiko, kilomita kama 800 bila pa kutua, mimi nilimwekea pombe. Asali ikishatiwa maji huchacha na kuota ukungu, na ukungu huo unawadhuru. Yule bwana nilimwandikia aya tatu. Alinijibu kwa alama ya moyo. Moyo!

Sasa shika hili: sukari nyeupe ya chai kikombe 1, maji vikombe 4. Koroga iyeyuke, ipoe, tundika. Hakuna kingine. Sukari ya kahawia hapana, sukari guru hapana, zina madini ya chuma kupita anayoyahimili. Ile ya wagonjwa wa kisukari ndiyo usithubutu kabisa, haina nguvu yoyote. Ndege atakunywa kutwa na njaa iko palepale. Rangi ya nini? Chombo chenyewe si chekundu, kinatosha kuwavuta?

Inayobaki weka kwenye friji. Iliyoko nje, kukiwa na joto, mwaga kila baada ya siku 2 hata kama haijaguswa, sugua chombo kwa maji ya moto mpaka ndani ya vile vitundu. Najua inauma, sisi wengine tulichapwa utotoni kwa kumwaga sukari. Mwaga tu. Ukinusa ukasikia uchachu, ujue umechelewa.

Kulikuwa na swali jingine, la baridi sijui la mahali pa kutundika, nitalitafuta nikitoka zamu. Hiyo asali kama bado hujaichanganya, nywea chai.