Kwa Wahadhiri Wapya wa Kozi za Masafa

Wadogo zangu, nimezipitia moduli mlizopakia kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, muhula huu, na nyingi ni slaidi za darasani zilizovishwa jalada jipya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masafa, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kwa hiyo hakuna anayeweza kujitetea kwamba kazi hii bado ni ngeni nchini.

1. Moduli ndiyo mhadhara wenyewe. Hapa nina la kuungama. Kozi yangu ya kwanza ya takwimu niliiandaa kwa kuchapa upya kitini cha darasani, nikaacha humo "kama mnavyoona ubaoni", kisha nikaiwasilisha idarani nikijiona mchapakazi. Muuguzi mmoja wa Kigoma, aliyekuwa akisoma baada ya zamu za usiku, alirudisha zoezi la kwanza bila jibu hata moja, ila sentensi yenye adabu ya kuumiza: "Shikamoo Mwalimu, naomba kuelekezwa ubao huo unapatikana wapi." Nilimpa sifuri na kuisimulia ofisini kama kichekesho. Alipoacha kozi ndipo nilipoisoma moduli ile kwa utulivu, nikakuta mfano wa kukokotoa varianisi (kipimo cha jinsi data zilivyotawanyika) unaruka kutoka kwenye jedwali hadi kwenye jibu, kwa sababu hatua zote za katikati nilizoea kuziandika kwa chaki.

2. Msiandike "wiki ijayo" katika kozi ambayo kila mmoja anaianza kwa wakati wake. Andikeni "ukimaliza mada ya pili".

3. Mrejesho uwahi, na useme la kufanya. "Soma tena" ni karipio tu. Aliyekokotoa varianisi ya sampuli akagawanya kwa n (idadi ya data) badala ya n−1 aonyeshwe mstari aliokosea, kabla hajaanza zoezi linalofuata.

4. Bando analinunua mwanafunzi. Video ya saa nzima, ambayo nusu yake ni salamu na "mnanisikia?", iambatane na matini ya kurasa chache, na jedwali lisomeke kwenye simu.

5. Kabla ya kupakia, mpeni mada moja mtu asiye wa fani yenu, nanyi mkae kimya anaposoma. Mimi humpa karani wetu wa masijala, ambaye hunirudishia karatasi zimejaa alama za kuuliza, na tahajia yangu pia huisahihisha bila kuombwa.