Kwezi yupi huyu anayekuja uani?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Hapa Kongwa kila asubuhi uani kwetu hutua kundi la ndege wenye mgongo wa buluu unaong'aa na tumbo la rangi ya chungwa. Jirani mmoja anasema ni kwezi. Mwingine anasema kwezi wapo wa aina mbili. Nikiwapiga picha kwa simu wanatoka weusi tii. Nitawajuaje, na wanazalia wapi?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Ndugu msomaji, majirani zako wote wawili wamesema kweli. Nyanda kavu za kwenu wanaishi kwezi maridadi, Lamprotornis superbus, na kwezi wa Hildebrandt, na kwa mgongo peke yake utawachanganya tu. Anza na jicho. La maridadi aliyekomaa ni jeupe kama maziwa. La Hildebrandt ni jekundu. Kisha shuka kifuani. Maridadi ana ukanda mwembamba mweupe unaotenga buluu na chungwa, na chini ya mkia ni mweupe pia. Hildebrandt hana weupe huo: chungwa lake huanza hafifu kifuani, likakolea tumboni hadi chini ya mkia.

Wanaopoteza watu ni ndege wachanga. Maridadi mchanga ana jicho la kahawia, hang'ai sana, na ukanda wake huonekana kwa shida. Subiri mkubwa aje kumlisha, umtambue kwa huyo.

Kuhusu picha, mng'ao ule hutokana na jinsi unyoya unavyorudisha mwanga. Jua likiwa nyuma ya ndege, buluu yote hupotea. Hakikisha jua liko mgongoni kwako, saa mbili au tatu asubuhi.

Maridadi hujenga kiota cha nyasi kavu chenye mlango wa ubavuni, ndani ya mgunga au kichaka chenye miiba. Pengine hutwaa kiota kikuukuu cha mnana. Mayai ni ya buluu, mara nyingi manne, na makinda hulishwa na wazazi pamoja na wenzao wa kundini. Kwa hiyo unapofyeka uwanja, tafadhali bakiza mgunga.

Kiangazi watekee maji kwenye sahani pana, kina kisichozidi sentimita 3, weka jiwe katikati, ubadilishe kila siku. Ndoo isiyofunikwa huwazamisha.

Ukimwona kwezi wa rangi ya majivu, mkia mrefu, jicho jeupe, huyo haishi nchi nyingine yoyote ila Tanzania. Tuandikie umemwona wapi.