Safari ya Milima ya Limuru: Ushauri kwa Wanachama Wapya wa Klabu ya Baiskeli

Kila inapotangazwa safari ya siku nzima ya kutoka Ruaka kwenda Limuru na kurudi kupitia Githunguri na Kiambu, wanachama wapya huuliza kwanza ni kilomita ngapi. Swali hilo si baya, ila halitawasaidia sana, kwa sababu mtu aliyezoea kuzunguka msitu wa Karura anaweza kumaliza kilomita 60 bila taabu, kisha akashindwa na nusu ya umbali huo huku juu. Kinachofaa kuulizwa ni namna barabara inavyopita katika nchi.

Sehemu hii ya Kiambu imekaa kama vidole vya mkono uliotandazwa: miinuko mirefu inashuka kutoka Limuru kuelekea kusini-mashariki, na kati yake mito kama Riara, Kamiti na Ruiru imechimba mabonde. Barabara inayofuata mgongo wa mwinuko, kama ile ya Ruaka hadi Limuru kupitia Banana na Tigoni, hupanda polepole kwa muda mrefu, kutoka kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari ilipo Nairobi hadi karibu mita 2,200. Barabara inayokata mabonde, kwa mfano unapotoka upande wa Tigoni kwenda Githunguri, hukushusha hadi mtoni na kukupandisha tena, kisha bonde jingine likakungoja. Kwenye ramani huonekana fupi, na huko ndiko wengi huishiwa nguvu, si kwenye ule mpando mrefu waliokuwa wakiuogopa.

Kwa hiyo, mpando wa kwanza usiwe wa kujionyesha. Nyonga kwa kasi inayokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, hata kama wenzako wanakupita. Kumfuata mtu kwa nyuma ili akukinge upepo husaidia sana penye tambarare, lakini kwenye mwinuko mkali mwendo ni mdogo mno kwa kinga hiyo kuwa na maana, na hivyo kung'ang'ania gurudumu la aliye na nguvu kuliko wewe ni hasara tupu. Desturi ya kundi ni kungojana juu ya kila mwinuko mkubwa, na hakuna anayekuhesabia dakika. Wageni waliotoka Mombasa hivi karibuni wakumbuke pia kwamba kule Limuru kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, ni pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na pwani, kwa hiyo kuhema mapema si dalili ya uvivu.

Kabla ya siku yenyewe, kagua gia. Baiskeli nyingi za mitumba za mashindano zina gurudumu dogo la mnyororo la mbele lenye meno 39 na la nyuma lisilozidi meno 25, mpangilio unaowafaa wanariadha, lakini unaoyaumiza magoti ya sisi wengine. Fundi anaweza kukuwekea meno 34 mbele na 32 nyuma, mradi kibadilisha gia chako kinaweza kuyabeba. Kwa maoni yangu, fedha hizo zina faida kuliko jezi mpya.

Chakula hakina siri. Anza kula kabla ya kuhisi njaa, ndizi moja au mbili kila saa, au viazi vitamu vilivyochemshwa, na unywe maji kidogo kidogo.

Kushuka ndiko kunakohitaji nidhamu zaidi. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali unaohitajika kusimama huwa takriban mara nne, na barabara zetu zina matuta ambayo mara nyingine hayana alama wala rangi. Funga breki zote mbili ukiwa bado kwenye mnyooko, kabla ya kona, kisha pinda ukiwa umeziachilia. Usizishikilie mfululizo mteremko mzima, maana breki zinazobana rimu huipasha moto. Kaa kushoto, lakini usijibane ukingoni kabisa, kwani matatu husimama ghafla kushusha abiria na milango hufunguka bila taarifa. Anayetangulia aonyeshe shimo kwa mkono na kupaza sauti, na kila anayefuata arudie ishara hiyo hadi wa mwisho.

Baridi na mvua zilizofanya majani chai yapandwe Limuru mwaka 1903, kwa mara ya kwanza nchini Kenya, bado zipo. Beba koti jepesi hata Nairobi ikiwa na jua, na kati ya Juni na Agosti washa taa kwa ajili ya ukungu. Baada ya mvua, malori na matrekta huacha udongo mwekundu juu ya lami, nao huteleza vibaya. Punguza mwendo kila unapokaribia njia ya shamba.

Mjini Limuru kundi hupumzika kwa chai, na hapo ndipo pa kuamua. Ukiona miguu inatetemeka au saa saba imepita, mwambie kiongozi kwamba unarudi kwa njia ile ile ya Banana, ambayo karibu yote ni mteremko. Atakutafutia mwenzako wa kurudi naye, kwa kuwa hakuna anayeachwa kushuka peke yake, na jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu.